Kufunga Kadi ya Grafiki kwenye Kompyuta ya Ofisi ya Zamani: Anza na Umeme, Gemu Ifuate

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu Kariakoo, na katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, ni za mtumba zilizowahi kutumika maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex 7020 na 9020, HP EliteDesk 800 G1, na nyingine za rika hilo zilizotoka kiwandani kati ya mwaka 2013 na 2014. Ni mashine imara, na ukiziwekea diski ya SSD zinafanya kazi za kawaida vizuri kabisa. Tatizo linaanza pale kijana wa nyumbani anapofungua gemu ya miaka ya karibuni, kwa kuwa picha huenda kwa kurukaruka, au gemu yenyewe ikagoma kuwaka.

Chanzo chake kinajulikana. Prosesa kama Core i5-4590 ina grafiki za ndani ziitwazo Intel HD Graphics 4600, na grafiki hizo hazina kumbukumbu yake yenyewe. Hukopa RAM ya kompyuta na kugawana njia moja na prosesa. RAM ya DDR3-1600 ikifungwa vijiti viwili hupitisha kwa upeo wake gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na hizo ni za kugawana. Kadi ya grafiki ya kawaida kabisa kama GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019, katika toleo lake la kwanza, ina gigabaiti 4 za kumbukumbu yake binafsi zinazopitisha gigabaiti 128 kwa sekunde. Kwa hiyo kadi ya grafiki ya kuongezea ndiyo dawa, na hakuna mpangilio wa Windows wala programu ya "kuongeza kasi" inayoweza kuchukua nafasi yake.

Watu wengi, hata hivyo, huanzia upande usiofaa. Hutazama gemu wanayoitaka, wakatafuta kadi inayoiendesha, wakainunua, kisha wakafika nayo nyumbani na kukuta haiingii kwenye kasha, au inadai waya wa umeme ambao mashine haina. Kwenye kompyuta ya ofisi, vinavyoamua kadi ipi inafaa ni pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), kasha na prosesa, kwa mpangilio huohuo, na gemu huchaguliwa miongoni mwa zile ambazo kadi iliyopatikana inaziweza. Ninausisitiza mpangilio huu kwa sababu ndio unaookoa fedha ya mtu, na fedha ya kadi si ndogo kwa familia nyingi.

Ijue mashine yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha soma jina kamili la modeli na la prosesa. Andika pia kiasi cha RAM. Baada ya hapo zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, na ufungue ubavu wa kasha ili uone kwa macho yako, kwa sababu jina moja la modeli huuzwa katika maumbo tofauti. OptiPlex 9020, kwa mfano, ipo ya mnara, ipo ya kasha jembamba, na ipo ndogo kabisa yenye ukubwa wa kitabu ambayo haina nafasi ya kadi yoyote. Mwenye hiyo ndogo asipoteze muda: hakuna kadi ya kufunga humo, na ni bora abadilishane na mtu mwenye mnara.

Umeme

Tafuta kibandiko kilicho kwenye pawasaplai. OptiPlex 9020 ya mnara huja na wati 290, na ile nyembamba wati 255. EliteDesk 800 G1 ya mnara ina wati 320, na nyembamba yake 240. Usiishie kwenye namba hiyo kubwa, bali soma pia mstari wa volti 12, kwa kuwa kadi ya grafiki hula umeme wake karibu wote hapo. Zidisha ampea za mstari huo kwa 12 upate wati. Ampea 18 kwa mfano ni wati 216. Pale ambapo kibandiko kinaonyesha mistari miwili ya volti 12, usijumlishe tu ampea zake, bali tafuta maandishi yanayotaja jumla ya juu inayoruhusiwa kwa mistari yote.

Sasa piga hesabu. Core i5-4590 imepangiwa wati 84. Ubao mama, RAM, diski na feni tuzikadirie kuwa wati 40. Sloti ya PCI Express yenyewe, yaani tundu la ubao mama linalopokea kadi, inaruhusiwa kuipa kadi hadi wati 75 bila waya wowote wa ziada. Jumla inafika karibu 200, na pawasaplai ya wati 290 inaibeba ikibakiwa na nafasi ya kupumua. Hapo ndipo kanuni muhimu kuliko zote inapopatikana: kwenye mashine za namna hii nunua kadi isiyozidi wati 75 na isiyo na tundu la waya wa umeme juu yake. Ukiivunja kanuni hiyo, unaingia kwenye safari ya kubadilisha pawasaplai.

Safari hiyo inawezekana, ila ina vikwazo vyake. Dell 9020 haitumii kiunganishi cha kawaida cha pini 24 kwenye ubao mama. Inatumia cha pini 8 cha Dell wenyewe, na HP 800 G1 inatumia cha pini 6. Ukinunua pawasaplai ya kawaida ya ATX utahitaji pia waya wa kugeuza uliotengenezwa kwa ajili ya chapa hiyo hasa, na kwa kasha jembamba pawasaplai ya umbo hilo haiingii kabisa. Mwenye OptiPlex 7010 ya mnara ana unafuu, kwa kuwa ubao wake bado unatumia pini 24 za kawaida.

Kuna waya mmoja ambao ninakusihi usiununue: ule unaochukua umeme wa diski wa SATA na kuugeuza kuwa pini 6 za kadi ya grafiki. Kiunganishi cha SATA kimepimwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, ilhali kadi inayodai pini 6 ina haki ya kuvuta wati 75 kupitia waya huo. Tofauti hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya plastiki ndogo iliyojificha nyuma ya diski, na plastiki hiyo inaweza kuyeyuka au kuwaka. Fundi anayekuambia kwamba "inashika tu" hatakuwepo usiku mashine ikiungua.

Nafasi na sloti

Pima kwa rula. Kutoka bati la nyuma, pale kadi inapofungwa, hadi kizuizi cha kwanza kilicho mbele yake, iwe ni kizimba cha diski au kichwa cha waya wa SATA kilichosimama, andika ni milimita ngapi. Kadi nyingi za daraja hili zenye feni moja hazifiki milimita 180, na kwenye minara huingia bila shida. Zenye feni mbili ndizo huleta ugomvi.

Kasha jembamba linataka kadi fupi kwa kimo, yenye bati dogo la nyuma, na muuzaji akupe bati hilo mkononi kabla hujalipa, maana kadi za mtumba mara nyingi huwa zimelipoteza. Pia angalia sloti ndefu ya x16, yaani yenye njia 16 za kupitishia data, iko wapi. Kwenye baadhi ya mashine nyembamba iko jirani kabisa na pawasaplai, kiasi kwamba kadi yenye unene wa sloti mbili haikai. Hapo utahitaji kadi nyembamba ya sloti moja. Ile sloti nyingine inayofanana nayo kwa urefu huenda kwa ndani ina njia nne tu, jambo ambalo kwa kawaida huandikwa kwenye ubao karibu nayo au kwenye kitabu cha mashine.

Idadi ya njia ina maana yake. Prosesa za kizazi cha nne za Intel (zile ambazo namba zake huanza na 4, kama i5-4590) zinatumia PCI Express 3.0, ambapo kila njia hupitisha karibu gigabaiti moja kwa sekunde. Kadi inayotumia njia 16 ina nafasi tele. Radeon RX 6400 ya AMD ya mwaka 2022 imeundwa na njia nne tu za PCI Express 4.0, na ikifungwa kwenye mashine ya 3.0 hubaki na takriban gigabaiti 4 kwa sekunde. Mradi gemu inatosha ndani ya gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kadi, hutaona tofauti kubwa. Ikizidi na kuanza kuchota RAM ya kompyuta, picha huanza kukwama kila unapogeuka. Kwenye mashine za kizazi cha pili kama OptiPlex 790 na 990, ambazo ni PCI Express 2.0, hali huwa mbaya zaidi.

Kadi zenyewe

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ndiyo imejaa sokoni, ina gigabaiti 4 na wati 75, na bado inaendesha gemu nyingi. Ila Nvidia, mtengenezaji wake, imekwisha kuacha kutoa draiva (programu zinazoiendesha kadi) za gemu mpya kwa kadi za kizazi hicho. Toleo la mwisho la aina hiyo lilikuwa la Oktoba 2025, na kinachobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 750 Ti imo katika kundi hilohilo. Kama tayari unayo, itumie kwa amani. Kama unatoa fedha leo, panda ngazi moja.

Ngazi hiyo ni GTX 1650, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayolingana vizuri kuliko zote na i5 ya kizazi cha nne. Inatumia njia zote 16, ina wati 75, na ipo katika umbo la kawaida na umbo fupi. Uangalifu unahitajika kwenye jambo moja: baadhi ya watengenezaji waliiongezea kasi na kuiwekea tundu la pini 6, kwa hiyo igeuze kadi na utazame ukingo wake wa juu kabla ya kulipa.

Juu yake ipo RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70 tu, inatumia njia 8, na ina uwezo wa DLSS, teknolojia inayochora picha kwa ukubwa mdogo kisha kuikuza kwa ustadi. Hii ndiyo kadi bora ya Nvidia ninayoweza kuipendekeza kwa pawasaplai ya ofisi isiyobadilishwa. Isichanganywe na RTX 3050 ya gigabaiti 8, ambayo inabeba jina lilelile lakini ni ya wati 130 na inadai waya wake. Muulize muuzaji ni gigabaiti ngapi, na usome boksi mwenyewe.

Intel Arc A380 nayo inavutia kwa bei na gigabaiti zake 6. Iache. Kadi za Arc zinategemea kipengele kiitwacho Resizable BAR ambacho mashine hizi hazina, na bila hicho kasi yake huporomoka.

Prosesa na RAM

Kadi mpya haiiamshi prosesa iliyolala upande wa pili. Core i5 ya kizazi cha nne ina viini vinne na nyuzi nne (yaani hufanya kazi nne kwa wakati mmoja), na gemu za leo hupenda zaidi ya hapo. Utaona wastani wa fremu (picha kwa sekunde) ni mzuri lakini picha inashtuka unapoingia mjini au adui wakizidi. Kuiondoa na kuweka i7-4770 au i7-4790, ambazo huketi kwenye soketi ileile na zina nyuzi nane, ni badiliko la busara ukizipata za mtumba. RAM iwe gigabaiti 16, vijiti viwili vya 8. Kijiti kimoja cha 8 hukata njia ya kumbukumbu nusu, na hili huonekana hata kwa macho.

Mwenye prosesa ya kizazi cha tatu au cha pili ajue kwamba hazina amri za AVX2, na gemu kadhaa mpya hukataa kabisa kuwaka bila hizo. Kwake yeye ningeshauri abadilishe mashine kwanza, kadi baadaye.

Kununua mtumba bila kulizwa

Kadi bandia zipo nyingi. Inayojulikana zaidi ni kadi ya zamani sana, mfano GTS 450 au GTX 550 Ti, iliyobadilishiwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Dalili ya kwanza inaonekana bila kuwasha kompyuta: kizazi cha GTX 1050 Ti kiliondoa kabisa mkondo wa VGA (njia ya zamani ya kupeleka picha kwenye monita), kwa hiyo ukiona tundu la buluu la VGA kwenye kadi inayodaiwa kuwa 1050 Ti, irudishe mezani. Dalili ya pili ni programu ya bure ya GPU-Z, ambayo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi iliyochezewa. Muombe muuzaji aifungue kwenye mashine ya dukani, kisha aendeshe gemu au jaribio lolote zito kwa robo saa huku wewe ukitazama kama kuna vidoadoa vya rangi, mistari, au skrini kuzimika. Feni izunguke bila kukwaruza. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Suala la VGA linagusa pia skrini yako. Ikiwa monita yako ina VGA peke yake, utahitaji kigeuzi cha kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA chenye saketi ndani yake. Waya mtupu wenye ncha mbili tofauti hautoi picha.

Kuifunga

Kabla ya kugusa kadi, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, Dell au HP, na usasishe BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) hadi toleo la mwisho la modeli yako, kwa kuwa BIOS ya zamani inaweza kuikataa kadi mpya na kukuachia skrini nyeusi. Fanya kazi hiyo mashine ikiwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, ubao mama unaweza kufa.

Kisha zima, chomoa waya, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Laza kasha ubavu juu ya meza, ubao ukitazama juu. Gusa bati tupu la kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Puliza vumbi, na huku ukiwa umefungua, futa ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na feni yake uweke mpya, kwa sababu baada ya miaka kumi imekuwa kama chokaa na kadi mpya italeta joto zaidi ndani ya kasha.

Ondoa kipande cha bati kinachoziba tundu la nyuma. Kadi nene huhitaji viwili. Mwisho wa sloti ya x16 kuna kilimi kidogo cha plastiki, kisukume kifunguke. Shika kadi kwa kingo zake, linganisha meno yake ya dhahabu na sloti, kisha uikandamize kwa vidole gumba viwili kwa nguvu iliyo sawa pande zote hadi usikie kilimi kikijifunga. Tazama kwa usawa wa jicho: meno ya dhahabu yasionekane upande mmoja zaidi ya mwingine. Ikiwa imeinama, bati la nyuma halijakaa mahali pake, na kulazimisha skrubu hapo kutaipinda kadi. Funga kibano au skrubu, hakikisha hakuna waya unaogusa feni, kisha unganisha monita kwenye kadi yenyewe. Wengi huacha waya wa monita kwenye tundu la zamani la ubao mama wakadhani kadi ni mbovu.

Draiva na majaribio

Mashine ikiwaka, pakua draiva kutoka tovuti ya Nvidia au AMD moja kwa moja. Kama kulikuwa na kadi nyingine awali, safisha kwanza mabaki ya draiva yake kwa programu ya Display Driver Uninstaller ukiwa katika hali salama ya Windows. Baada ya kuweka draiva mpya, fungua GPU-Z usome mstari wa Bus Interface wakati gemu ikiendelea: GTX 1650 kwenye mashine ya kizazi cha nne inapaswa kuonyesha x16 3.0. Ikionyesha x4 au x1, kadi haijaketi vizuri au iko kwenye sloti nyingine.

Cheza nusu saa huku programu ya HWiNFO ikirekodi joto. Kadi ikikaa chini ya nyuzi 80 za Selsiasi hivi ni salama. Ikivuka hapo, kwanza utazame hewa ya kasha, hasa kwa wakazi wa pwani ambako chumba chenyewe huwa na nyuzi 30 na zaidi. Feni moja ya ziada inayosukuma hewa kutoka mbele husaidia kuliko kuacha ubavu wazi ukikusanya vumbi. Mashine ikijizima ghafla gemu inapopamba moto, mshuku pawasaplai kabla ya kadi.

Ndani ya gemu

Skrini ya 1600 kwa 900, ambayo huuzwa sana na kompyuta hizi, ina nukta milioni 1.44, wakati ile ya 1920 kwa 1080 ina milioni 2.07. Usiione aibu, inaipunguzia kadi karibu theluthi ya kazi. Kwenye kadi ya gigabaiti 4, shusha kwanza ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu), kwa kuwa ndizo zinazojaza kumbukumbu, kisha vivuli. FSR ya AMD, mbinu ya kukuza picha kama DLSS, hufanya kazi hata kwenye kadi za GTX, basi iwashe pale gemu inapoitoa. Na uweke kikomo cha fremu: fremu 45 zisizoyumba hupendeza kuliko 70 zinazoanguka hadi 25 kila mara, na kikomo hicho huipa nafuu prosesa ya zamani.

Kwa mpangilio huo, GTX 1650 inaendesha GTA V (toleo la kompyuta la mwaka 2015), Dota 2 na Fortnite kwa raha, na gemu nzito zaidi kwa ubora wa chini au wa kati. Zipo ambazo hazitakubali. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 na DOOM: The Dark Ages ya mwaka 2025 zinadai kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, na kwa kiwango chao cha chini zinataka gigabaiti 8, kwa hiyo hata RTX 3050 ya gigabaiti 6 iko nje ya mahitaji yao. Nyingine hugoma kwa sababu isiyohusiana na grafiki: Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama mashine inapowaka), ilhali mashine za rika la 9020 kwa kawaida zina TPM 1.2. Soma mahitaji ya gemu unayoipenda zaidi, ukianzia kwenye mstari wa usalama na wa prosesa, kabla hujampa muuzaji fedha ya kadi.